Klachi nyepesi, flaiwili nyepesi: unazungumzia wepesi upi?

Mwenye gari la spoti anaingia gereji na kusema, "Fundi, nataka unifungie klachi nyepesi." Fundi anajibu, "Hamna shida, bosi." Siku mbili baadaye mwenye gari anakuja kulichukua, anakanyaga pedali, na paja linamkaza. Klachi imekuwa ngumu kuliko ile aliyokuja nayo. Anaamini kabisa kwamba ameibiwa, kumbe hajaibiwa kitu. Aliomba wepesi wa uzito kwa sababu ndio aliousoma kwenye tangazo, na wepesi huo amepewa. Mguu wake ndio ulikuwa ukisubiri wepesi mwingine.

Lugha yetu inachangia tatizo hili, maana neno "nyepesi" tunalitumia kwa kitu kisicho na kilo nyingi na pia kwa kitu kisichochosha. Matangazo nayo yanaongezea. Mwaka 2023 Porsche ilipotoa 911 S/T ilitangaza kwamba klachi na flaiwili yake zimeondoa kilo 10.5 kwenye sehemu zinazozunguka. Wengi waliosikia habari hiyo walielewa kwamba kilo hizo zimegeuka nguvu. Sasa angalia: injini ya gari hilo, ya lita 4.0 na inayofika mizunguko 9,000 kwa dakika, imetoka kwenye 911 GT3 RS, na nguvu zake zimebaki zilezile 525. Kilo 10.5 zimeondoka na haijaongezeka hata nguvu moja ya farasi. Basi kilichopatikana ni nini?

Twende polepole, tuanze na vyuma vyenyewe.

Flaiwili ni gurudumu bapa la chuma lililofungwa kwa bolti nyuma ya krenkishafti, yaani ule mhimili wenye vikombo unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Ukiishika mkononi ni kama sinia nene. Katikati ina matundu ya bolti, ukingoni imezungukwa na meno madogo ambayo stata huyauma unapowasha gari, na upande mmoja umesuguliwa hadi ukang'aa. Kama gari limetumika vibaya utaona kwenye uso huo madoa ya rangi ya samawati na nyufa nyembamba kama nywele. Hizo ni alama za joto, na kwa fundi anayejua kuzisoma zinaeleza mengi kuhusu mguu wa dereva.

Kazi yake utaielewa ukikumbuka cherehani ya miguu. Mguu wa fundi cherehani husukuma kwa sehemu tu ya mzunguko. Kuna mahali fimbo inanyooka na mguu hausaidii chochote, na kama si lile gurudumu kubwa la pembeni, cherehani ingekwama hapo au ingerudi nyuma na kukata uzi. Gurudumu limeshajikusanyia mwendo, kwa hiyo linaivusha sindano mahali ambapo mguu umeshindwa.

Injini nayo inaishi hivyohivyo. Kila silinda hupata mlipuko mara moja katika mizunguko miwili ya krenkishafti. Injini ya silinda nne inapata mlipuko kila nusu mzunguko, ya sita kila theluthi, ya nane kila robo. Kati ya mlipuko mmoja na mwingine kuna hewa ya kubanwa na moshi wa kusukumwa nje, kazi zinazokula mwendo badala ya kuuzalisha, na flaiwili ndiyo inayovusha hapo. Ndiyo maana injini yenye silinda chache, au ya dizeli yenye milipuko mizito, huhitaji flaiwili nzito zaidi kuliko ya petroli yenye silinda nyingi.

Klachi ni kiungo kati ya injini na giaboksi. Ina vipande vitatu vya kukumbuka. Presha pleti imefungwa kwa bolti juu ya flaiwili, kwa hiyo inazunguka na injini wakati wote. Pleti ya klachi imevaa kwenye shafti ya giaboksi na imebanwa kati ya flaiwili na presha pleti, kama karatasi kati ya viganja viwili. Rilizi beringi ndiyo inayosukuma springi za presha pleti unapokanyaga pedali, viganja vikaachana na karatasi ikawa huru.

Kumbuka vizuri nani anazunguka na nani: flaiwili na presha pleti ni za upande wa injini, na pleti ya klachi ni ya upande wa giaboksi. Tutarudi hapo, kwa sababu ndipo mkanganyiko mwingi unapoanzia.

Kilo moja si sawa na kilo moja

Kitu chochote kizito ni kaidi. Kikitulia hakitaki kuanza, kikianza hakitaki kusimama. Kwa kitu kinachozunguka, ukaidi huo hautegemei uzito peke yake bali pia uzito huo umekaa wapi. Fikiria bembea ya kuzunguka wanayopanda watoto. Watoto wanne wakikaa karibu na nguzo ya katikati, utaizungusha kwa mkono mmoja. Wakihamia ukingoni, watoto walewale, utaisukuma kwa mwili mzima.

Hesabu yake ni kali, kwa sababu ukaidi unapanda kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Gramu iliyoko ukingoni inasumbua mara nne ya gramu iliyoko nusu ya njia. Kwa hiyo mtu akikuambia flaiwili yake ina kilo tatu pungufu, muulize zimetoka wapi. Kama zimetobolewa karibu na bolti za katikati, amebeba chuma chepesi kutoka dukani hadi gereji na faida yake karibu inaishia hapo. Kama zimetoka ukingoni, injini itazisikia.

Sasa tupige hesabu ya gari. Chukua flaiwili ya kilo 9 yenye upana wa sentimita 28, uiondoe na kufunga ya kilo 4.5 yenye umbo lilelile. Gari lina gia ya kwanza ya uwiano wa 3.5 na difu (meno ya mwisho kabla ya tairi) ya 4.0, yaani tairi likizunguka mara moja, injini imezunguka mara 14. Kutoka katikati ya tairi hadi lami ni sentimita 30. Je, kupunguza kilo 4.5 pale nyuma ya injini ni sawa na kupunguza kilo ngapi kwenye gari zima wakati linaongeza mwendo?

Kwenye gia ya kwanza jibu ni kama kilo 96. Ni kama umemshusha abiria mnene pamoja na begi lake. Sababu ni kwamba kila tairi linapoongeza mwendo kidogo, injini lazima iongeze mara 14 zaidi, na nguvu inayoliwa na flaiwili hapo ingefika kwenye tairi ikiwa imezidishwa na 14 hiyohiyo. Uwiano wa gia unahesabiwa mara mbili.

Lakini uwiano huo unashuka kila unapopanda gia, na faida inashuka kwa mraba wake. Kwenye gia ya pili, yenye uwiano wa 2.1, zile kilo 96 zimebaki 35. Ya tatu, kwa uwiano wa 1.4, ni kama 15. Ya nne ni 8. Ya tano ni 5 tu, kama vile umetoa spana na jeki kwenye buti. Kwa gari la kilo 1,200 pamoja na dereva wake, hiyo ni asilimia 8 kwenye gia ya kwanza na chini ya nusu asilimia kwenye ya tano.

Hapo ndipo penye jibu la suala zima. Flaiwili nyepesi inafuta deni ambalo injini ilikuwa ikilipa kila ilipotakiwa kuharakisha, na deni hilo ni kubwa kwenye gia za chini tu. Na gia ya kwanza, penye faida nene, haidumu. Sekunde mbili tatu umeshabadilisha, na mara nyingi hata hizo mbili tatu tairi zinateleza, kwa hiyo tatizo lako pale halikuwa uhaba wa nguvu. Kwenye kasi ya juu kabisa ya gari, mahali ambapo injini haiongezi mwendo tena, flaiwili ya kilo 4 na ya kilo 14 ni kitu kimoja.

"Lakini daino ilionyesha nguvu zimeongezeka"

Nimesikia hoja hii mara nyingi, na anayeitoa kwa kawaida hasemi uongo. Karatasi anayo. Daino ni mashine ya kupimia nguvu za gari, na nyingi za rola hupima kwa kuangalia injini inaharakishaje rola zito. Katika kuharakisha huko flaiwili inakula sehemu yake kabla rola halijapata kitu. Ukiipunguza inakula kidogo, inayofika kwenye rola inaongezeka, na namba kwenye karatasi inapanda. Injini hiyohiyo ukiipima ikiwa imeshikiliwa kwenye mizunguko isiyobadilika, namba inarudi palepale ilipokuwa. Injini haikuongeza chochote, ila flaiwili ilipunguziwa mgao.

Udanganyifu mwingine, na huu ni wa masikio, unatokea gari likiwa fri, yaani bila gia. Unagusa mafuta na mshale wa mizunguko unaruka kama paka aliyemwagiwa maji. Lexus LFA ilijulikana kwa jambo hilo: injini yake ya silinda kumi ilitoka kwenye mngurumo wa kawaida hadi mizunguko 9,000 kwa sekunde 0.6, hadi watengenezaji wakaweka mshale wa kidijitali kwa sababu ule wa kawaida usingeweza kuifuata. Inapendeza, sikatai. Lakini gari likiwa fri injini haibebi chochote isipokuwa vyuma vyake yenyewe, kwa hiyo hapo ndipo upungufu wa uzito wake unapoonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ukiingiza gia, injini inabebeshwa gari zima, na lile ruka la mshale halipo tena.

Na mafuta? Kuna wanaofunga flaiwili nyepesi wakitarajia kuokoa petroli. Kwa mwendo usiobadilika barabarani haitumii wala haiokoi. Kwa mwendo wa kukanyaga na kuachia kuna chembe ya akiba, ambayo mwenye gari la spoti ataila jioni ileile kwa furaha ya kukanyaga zaidi.

Turudi kwenye wepesi wa klachi

Sasa tunaweza kutenganisha mambo matatu yanayoitwa kwa jina moja.

La kwanza ni wepesi wa presha pleti. Hii inazunguka na injini, kwa hiyo kila nililosema juu ya flaiwili linaihusu. Wanaopima flaiwili peke yake husahau kwamba presha pleti imekaa juu yake na uzito wake mwingi uko mbali na katikati.

La pili ni wepesi wa pleti ya klachi yenyewe, na huu ni wa namna nyingine kabisa. Ukikanyaga pedali na kubadili gia, pleti inabaki imeng'ang'ania shafti ya giaboksi. Zile ringi za sinkro ndani ya giaboksi, ambazo kazi yake ni kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajaumana, lazima ziisimamishe au ziiharakishe shafti hiyo pamoja na pleti inayoning'inia juu yake. Pleti nzito ni mzigo kwa sinkro, na pleti nyepesi inaruhusu gia kuingia haraka bila kukwaruza. Ukiona mtu anasifu "gia zinaingia kama kisu" baada ya kubadili klachi, mshukuru pleti kabla ya flaiwili. Ni faida ndogo isiyotangazwa, na kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu haina gharama yoyote ya tabia kwa gari.

La tatu ni wepesi wa pedali, ule aliousubiri rafiki yetu wa mwanzo. Uwezo wa klachi kushika bila kuteleza unatokana na vitu vinne: springi zinabana kwa nguvu kiasi gani, uso wa pleti una mkwaruzo kiasi gani, mkwaruzo huo uko mbali kiasi gani na katikati, na nyuso zinazosuguana ni ngapi. Ukitaka klachi ishike injini yenye nguvu zaidi lazima uongeze kimojawapo. Njia ya mkato ni springi ngumu, na springi ngumu ndiyo pedali ngumu. Juu ya hapo, kila unapokanyaga, nguvu ile inasukuma krenkishafti mbele na kuichosha beringi inayoizuia isisogee.

Njia nyingine ni kubadilisha kitambaa cha pleti. Badala ya kile cha kawaida kinachoshika taratibu, kinawekwa cha chembe za shaba au kauri, mara nyingi kikiwa vipande vitatu, vinne au sita vilivyoachana kama petali za ua. Hiki kinashika, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba kinajua maneno mawili tu, ndiyo na hapana. Kuondoa gari polepole kwenye mlima wenye foleni kunakuwa mtihani, gari linatetemeka na shingo za abiria zinaitikia.

Njia ya tatu, ya gharama, ni kuongeza nyuso. Badala ya pleti moja kubwa unaweka mbili ndogo, nyuso zinakuwa nne badala ya mbili, na kwa kuwa ni ndogo uzito unakaa karibu na katikati. Hapo klachi inashika zaidi na wakati huohuo inakuwa nyepesi. Magari ya Formula One yameifikisha njia hii mwisho kabisa: klachi zao za kaboni zina upana chini ya sentimita 10, unaweza kuifunika kwa kiganja.

Bei inayolipwa na dereva

Ile flaiwili ya kilo 9, ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ina akiba ya nishati ya joule kama 480 ndani yake. Kwa lugha ya barabarani, kama hakuna kinachopotea, akiba hiyo peke yake inatosha kulitoa gari la kilo 1,200 kwenye kusimama hadi kilomita 3 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Kila unapoondoa gari unakopa kutoka kwenye akiba hiyo bila kujua. Ukikata uzito nusu, akiba inakuwa nusu, na mguu wako uliozoea kukopa unagundua kwamba benki imefungwa. Gari linazima mbele ya watu. Unaliwasha. Linazima tena.

Dawa ni kukanyaga mafuta kidogo zaidi kabla ya kuachia klachi, na wengi hujifunza ndani ya wiki. Wanaoshindana mbio za kuondoka na kunyoosha barabara fupi wanalijua jambo hili vizuri kuliko sisi. Wako wenye magari mazito ambao huchagua flaiwili nzito makusudi ili iwapige teke wakati wa kuondoka.

Kubadili gia nako kunabadilika. Ukiachia mafuta, mizunguko ya injini inaanguka haraka kuliko zamani. Kama mkono wako ni mwepesi hilo ni zuri, gia ya juu inakutana na injini mahali panapofaa. Kama unabadili gia taratibu huku unazungumza, injini itakuwa imeshaanguka chini ya pale panapotakiwa na gari litakushtua kwa mbele. Kushusha gia kabla ya kona ndiko kunakopendeza zaidi: unagusa mafuta kidogo tu na injini inapanda kukutana na gia. Kwa dereva wa njia ya mbio, sababu hii moja inatosha kulipia kazi nzima, na zile sehemu za sekunde kwenye kuondoka zinakuja kama nyongeza.

Kompyuta ya gari nayo ina maoni yake. Imepangwa kwa uzito wa kiwandani, kwa hiyo inaweza kushindwa kuutuliza mngurumo wa gari likiwa limesimama, mshale ukapanda na kushuka kama mtu anayesinzia. Porsche 911 Carrera RS ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyotoka kiwandani na flaiwili nyepesi, ina sifa hiyo ya kuzima ukiachia mafuta ghafla. Kwenye magari ya karibuni kuna jambo la ziada. Kompyuta hugundua injini inayomisi kwa kuangalia mizunguko inavyoyumba kati ya mlipuko na mlipuko. Flaiwili nyepesi inaruhusu myumbo zaidi, kompyuta inaona silinda imekosa moto ilhali haijakosa, na taa ya injini inawaka. Watu wamebadili plagi na koili bure kwa sababu hii.

Kama gari lilikuja na flaiwili ya vipande viwili, uangalifu unahitajika zaidi. Aina hii, iliyoanza kuzalishwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1980, ina duara mbili zenye springi kati yake zinazomeza mitetemo kabla haijafika giaboksi. Mara nyingi pleti yake ya klachi haina springi za katikati, kwa kuwa flaiwili imeshafanya kazi hiyo. Ukitoa flaiwili hiyo na kuweka ya kipande kimoja, lazima ubadilishe na pleti, uweke yenye springi. Ukiacha pleti ya zamani, mitetemo yote inaingia giaboksi bila kikwazo.

Usikereze ya zamani

Kuna ushauri unaozunguka magerejini: usinunue flaiwili, peleka hiyohiyo kwa mtu wa mashine ya kukereza, aipunguze. Hapa siwezi kuzungumza kwa upole.

Ukingo wa flaiwili yenye upana wa sentimita 28, injini ikiwa kwenye mizunguko 7,000, unakwenda kwa mita kama 100 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 360 kwa saa. Kila chembe ya chuma pale inataka kuruka nje, na nguvu inayoivuta inapanda kwa mraba wa mizunguko. Flaiwili nyingi za kiwandani ni chuma cha kusubu, kilichomiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho kinavumilia kubanwa na joto, ila kikivutwa ni dhaifu, na hakipindi kwanza kukuonya, kinapasuka. Kikipasuka kwenye mwendo huo, vipande vinaweza kutoboa ganda la giaboksi na kuingia mahali ilipo miguu ya dereva. Kusawazisha uso kwa sehemu ndogo ya milimita ni matengenezo ya kawaida, ila kumega kilo tatu kutoka kwenye chuma kilichopangwa kuwa kinene ni kucheza kamari. Mashindano mengi hayakubali flaiwili isiyo na cheti, na kiwango kinachotajwa sana ni SFI 1.1, cha shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mbio.

Zinazouzwa zikiwa nyepesi zimechongwa kutoka kwenye pande zima la stili, au la alumini lililobandikwa duara la chuma mahali klachi inapokaza, kwa kuwa alumini haivumilii msuguano. Ya alumini ni nyepesi kuliko zote. Ya chuma inabeba joto vizuri zaidi na haina duara la kulegea.

Chunguza pia kama flaiwili yako ina kazi ya siri. Kwenye Mazda RX-7 ya giaboksi ya mkono, flaiwili ya kiwandani imebeba uzito wa kusawazisha injini. Ukifunga nyepesi bila kipande cha kusawazisha cha pembeni, injini itajitikisa hadi ife. Baadhi ya injini za V8 za Marekani ziko hivyohivyo. Na kuna injini ambazo kihisi chake husoma alama zilizochongwa kwenye flaiwili. Ukikosa alama hizo stata itazungusha, lakini injini haitapokea.

Je, ufunge?

Gharama kubwa hapa ni kushusha giaboksi, chuma ni sehemu tu ya bili. Kwa hiyo kama klachi yako bado nzima, sioni sababu ya kulifungua gari kwa ajili ya flaiwili peke yake. Ikiisha, na giaboksi imeshashuka, hapo ndipo swali linakuwa la maana. Kwa gari la barabarani ningechagua ya chuma iliyopunguzwa kama robo hadi theluthi ya uzito wa kiwandani, pleti yenye springi na kitambaa cha kawaida au kinachokaribiana nacho. Ile ya alumini ya nusu uzito ningemwachia mtu anayepeleka gari njia ya mbio na kurudi nalo kwenye trela. Palepale badilisha rilizi beringi, pailoti beringi (ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi) na sili ya nyuma ya krenkishafti, na bolti za flaiwili ziwe mpya kama mtengenezaji anataka hivyo. Kisha endesha kilomita mia kadhaa kwa upole, za kuanza na kusimama, ili nyuso zizoeane.

Baada ya hapo, gari likiwa fri linanguruma, utasikia sauti mpya kutoka chini, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Wengi humrudia fundi siku hiyohiyo wakiwa wamekunja uso. Kabla hujaenda, kanyaga klachi. Sauti ikikoma, ni meno ya giaboksi yasiyobeba mzigo yanagusana, kwa sababu mitetemo ambayo flaiwili nzito ilikuwa ikiimeza sasa inayafikia. Hayavunjiki kwa hilo, na magari kadhaa ya mbio yenye bei ya nyumba yanapiga kelele hiyohiyo yakisimama taa nyekundu. Ila kama sauti haipo pedali ikiwa juu, na inaanza pale unapokanyaga, hiyo ni rilizi beringi, na hapo rudi kwa fundi wako mapema.